Namba Iliyohamia Kawangware

Kikombe cha bati kilianza kutetemeka mezani gizani, trrr, trrr, kama panya aliyenaswa kwenye sufuria. Nelima alinyoosha mkono akakifunika kwa kiganja, kisha akaitoa simu iliyokuwa ndani yake. Spika ya simu hiyo ilikufa tangu Pasaka, lakini alikuwa amegundua kwamba ukiilaza ndani ya kikombe cha bati, mtetemo wake unaamsha ploti nzima ya vyumba vya kupanga. Mbinu hiyo aliwapa majirani bure. Nyingine aliziuza shilingi kumi kumi.

Morris, mumewe, alijikunja na kuvuta blanketi. Ng'ambo ya mabati jirani alikohoa, akasema, "Mama Spika ameamka." Aliyelala karibu zaidi na meza, kichwa chake hatua moja tu kutoka kwenye kikombe, hakutikisa hata kope. Musimbi alikuwa na miaka sita, na tangu homa kali iliyomwangusha akiwa na miaka mitatu, sauti za dunia zilikuwa zinamtoroka kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri. Zamani alikuwa anaongea, tena sana. Siku hizi maneno alikuwa ameyaweka. Akitaka maji, anakuvuta nguo. Akitaka chai, anakuonyesha birika kwa kidevu.

Ndiyo sababu Nelima alikuwa anapaza sauti. Ploti nzima hapo mtaa wa Raila, Kibera, ilijua Musimbi amekula nini, amekataa nini, na kiatu chake cha kushoto kiko wapi. Walimwita Mama Spika naye akacheka nao, maana ukikasirikia jina ndipo linanata.

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda akanunua bando ya intaneti ya alfajiri, ile ya saa moja inayouzwa nusu bei kabla watu hawajaamka. Ndani ya saa hiyo alishusha masomo ya darasa lake la jioni la watu wazima, akashusha picha za herufi za Musimbi, akajibu meseji za wanawake waliomuuliza mbona bando zao zinaisha kabla ya chakula cha mchana. *Zima video zisijifungue zenyewe,* aliandika. *Picha za group zisijipakue. Usinunue bando ya siku, nunua ya wiki.* Kazi hiyo ilikuwa ndogo lakini ilimpa heshima. Mwanamke aliyeacha shule darasa la saba alikuwa sasa anaulizwa maswali.

Kulipopambazuka alichukua mtungi akaenda kwenye foleni ya maji, na huko ndiko habari ilimkuta.

"Sisi tumeitwa," alisema Bridgit, jirani yake wa mlango wa tatu, akiupangusa mtungi wake kwa leso. "Kesho Ijumaa, saa mbili asubuhi, pale ukumbini Makina. Watu wa masikio. Mwanangu anawekewa zile mashine mbili, bure. Nyinyi mmeitwa saa ngapi?"

Nelima aliuweka mtungi chini. "Kuitwa na nani?"

"Si walituma meseji juzi! Ina code, namba sita. Unajibu NDIO, halafu kesho unaenda na hiyo code. Lazima ujibu kabla ya leo saa kumi, la sivyo nafasi inapewa mtoto mwingine. Ukienda bila code, wanakurudisha. Ati mara ya mwisho watu walileta watoto wa majirani." Bridgit alimtazama. "Wewe hujaipata?"

"Hapana."

"Angalia vizuri. Labda ulizima ile kitu yako ya kuokoa data."

"Meseji ya kawaida haitumii data, Bridgit," alisema Nelima, na hata kabla hajamaliza sentensi alikuwa ameshajua. Haikuwa data. Ilikuwa namba.

Mwezi wa kwanza, siku Musimbi alipopimwa masikio kwenye kambi ya matibabu ya Makina, kijana mmoja mwenye tableti alikuwa amemuuliza namba ya simu akaiandika yeye mwenyewe. Wiki tatu baadaye Nelima akahamia laini ya kampuni nyingine, yenye intaneti ya bei nafuu. Simu yake ilikuwa na tundu moja tu la laini lililobaki zima, kwa hivyo ile ya zamani akaitoa, akaifunga kwenye karatasi, akaitia kwenye kopo la majani ya chai. Alikuwa ameandika orodha ya wote wa kuarifiwa: shule, chama, kanisa, darasa la jioni, wateja wake wa kufua. Alikata jina moja baada ya jingine kwa kalamu nyekundu. Watu wa masikio hawakuwemo. Fomu yao hakuijaza kwa mkono wake, basi mkono wake haukukumbuka.

Na shilingi hamsini alizookoa kila wiki alikuwa ameringa nazo hapo hapo kwenye foleni hii ya maji.

*

Duka la Ramzy lilikuwa halijafunguka vizuri. Ramzy alikuwa Mnubi wa Makina, babu yake alizaliwa nyumba ya pili kutoka hapo, naye aliuza laini, chaja na maneno mengi. Alipokea ile laini kutoka kwenye karatasi yenye vumbi la chai, akaitia kwenye simu yake, akangoja, akaichomoa.

"Sister, hii imekufa. Hii sasa ni ya kutolea nyama kwa meno."

"Niliiweka tu. Sikuitupa."

"Kuiweka ndio kuiua. Laini ikikaa miezi bila kupiga, bila kutia credit, kampuni inaichukua, namba inauzwa upya. Saa hii kuna mtu anatembea nayo."

"Naweza kuirudisha?"

"Ikishapata mwenyewe?" Ramzy alitingisha kichwa. "Hiyo ni kama nyumba ya kupanga. Umetoka, mwingine ameingia na kitanda chake."

Nelima alitoka kando ya mlango akafungua orodha ya majina kwenye simu yake. Namba ya zamani ilikuwa bado imo, aliihifadhi kwa jina la *Mimi*. Aliibonyeza. Ikalia. Alisimama pale Makina watu wakimpita kwenda kazini, akijipigia simu, akiomba Mungu ajipokee.

"Halo." Sauti ya mwanamume. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa chuma kikisuguliwa.

"Halo, habari ya asubuhi. Samahani kaka, unapigiwa na mtu usiyemjua. Hiyo namba yako ilikuwa yangu zamani."

"Mm."

"Juzi umepata meseji ya watu wa masikio. Ni ya mtoto wangu. Ina code ya namba sita. Ningeomba tu unisomee, halafu ujibu NDIO, haitakugharimu kitu."

Mlio wa chuma ukakoma. Kisha mtu huyo akacheka, lakini si kwa furaha. "Madam, leo nyinyi wakora mnapiga kutoka jela gani?"

"Kaka, mimi siko jela, niko Makina!"

"Mwezi jana mlikuwa benki. Kabla ya hapo nimeshinda pikipiki. Sasa mmeanza kutumia watoto? Hamna aibu?"

"Ni mtoto kweli, anaitwa Musimbi, ako—"

"Kila mtu anajua code haisomewi mtu. Tafuta kazi."

Akakata. Nelima alipiga tena. Simu haikulia hata mara moja. Alipiga tena. Alikuwa amefungiwa.

Aliporudi ndani, Ramzy alikuwa anajifanya kupanga chaja. Hakuweza kujizuia. "Lakini sister, huwezi kumlaumu. Si ni wewe uliniandikia ile karatasi?"

Nelima aliinua macho. Juu ya kaunta, ukutani, ilikuwa imebandikwa karatasi ya daftari yenye mwandiko wake mzuri wa darasa la jioni. Mawaidha kumi ya kuokoa pesa na kulinda simu. La sita lilikuwa kwa herufi kubwa, na alikumbuka jinsi alivyojipongeza alipoliandika: *USIMSOMEE MTU YEYOTE CODE ILIYOTUMWA KWENYE SIMU YAKO, HATA AKILIA.*

Machozi yalikuwa yameanza. Aliyafuta haraka kwa kiwiko, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Aliomba simu ya Ramzy ajaribu tena. Ramzy alimpa, bila kudai hata shilingi. Ile namba sasa ilikuwa imezimwa kabisa.

*

Morris alikuwa fundi wa milango ya chuma kwenye kibanda cha wazi kando ya barabara ya Makina, na alichukia mke wake kuja kazini. Alimwona kwa mbali, akainua ile barakoa ya kuchomelea.

"Nini tena?"

Akamweleza. Alijaribu kueleza kwa sauti ya chini, lakini koo lake lilikuwa limesahau njia hiyo, na mafundi wenzake wawili wakaacha kupiga nyundo ili wasikie vizuri.

"Ngoja," alisema Morris. "Mtoto tumempeleka kupimwa. Tumengoja miezi saba. Halafu wewe ukauza nafasi yake kwa bando ya fifty bob?"

"Sikuiuza."

"Ni kuiuza. Na ule uerevu wako wa intaneti. Kila mtu hapa Kibera anakuja kwangu, ati Baba Musimbi, mkeo ni mwalimu. Mwalimu wa nini?"

Fundi mmoja alicheka puani. Morris alimgeukia. "We, cheka ukishika kazi yako."

"Hiyo fifty bob," alisema Nelima, na sasa hakujali nani anasikia, "ndiyo ilikuwa maziwa ya mtoto tangu mwezi wa pili. Wewe ulidhani maziwa yanatoka wapi?"

Morris aliangalia chini, kwenye mlango aliokuwa anauunga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mashine za masikio alikuwa ameshaulizia bei yake mjini peke yake, bila kumwambia mtu, akarudi nyumbani amenyamaza siku mbili.

"Mama naye analalamika hupokei simu zake," alisema hatimaye, kwa sauti nyingine. "Nilisahau kukwambia. Ati anakupigia, anapokewa na kijana fulani. Anasema kijana ana adabu."

"Kijana gani?"

Walitazamana. Morris akavua glavu.

Mama yake Morris, waliyemwita Kukhu, yaani nyanya, alikaa mashambani upande wa Bungoma na simu ndogo ya tochi. Hakujua kusoma majina. Morris alimwekea kila mtu kwenye kitufe chake. Kitufe cha kwanza Morris, cha pili Nelima. Na cha pili hakuna aliyekibadilisha, maana Kukhu naye hakuwa kwenye orodha ya kalamu nyekundu. Nelima alikumbuka, na uso ukamwaka, kwamba hakuwa amempigia Kukhu tangu mwezi wa tano. Alikuwa anaokoa dakika.

"Huyo si ni Okeyo!" Kukhu alisikika kwenye simu ya Morris kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara. "Mtoto wa watu wa Kawangware. Anatengeneza meko, karibu na kanisa lenye paa la kijani. Kila Jumapili nampigia, ananiuliza kama nimekula. Nyinyi mnaniuliza?"

"Mama, sikiza," alisema Morris. "Mpigie sasa hivi. Mwambie mkeo wangu si mkora, amsomee ile code." Alijirekebisha. "Mke wangu."

Akamtumia credit ya shilingi ishirini. Wakangoja. Nelima alihesabu cheche zilizoruka kutoka kwa fundi wa pili. Baada ya dakika kumi Kukhu akapiga.

"Alikuwa ameiwasha kidogo tu. Nimemwambia. Ameniambia, nyanya, wamekufikia hata wewe! Wamekufikia huko mashambani! Ati nisiwape chochote, na nikitumiwa pesa nisiguse. Amekasirika sana kwa ajili yangu." Kukhu alisita. "Sasa amezima tena. Nelima, ni kweli wewe si mkora?"

"Kukhu!"

"Nauliza tu. Sauti yako nimeisahau."

Ilikuwa saa sita kasoro. Nelima alifunga leso kiunoni.

"Unaenda wapi?" aliuliza Morris.

"Kumchukua Musimbi shuleni. Halafu Kawangware."

Morris aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya shilingi mia, akamshikisha bila kumwangalia usoni. Nelima aliikunja, akaitia kwenye sidiria, na akaamua papo hapo kwamba wataenda kwa miguu. Kesho kungekuwa na nauli ya mambo asiyoyajua.

*

Walipanda hadi Ngong Road, wakaifuata kuelekea Dagoretti Corner, jua likiwachoma utosini. Musimbi alitembea vizuri, akiwa na sare yake na begi mgongoni, akisoma kila kibango kwa macho. Kila pikipiki ilipopiga honi nyuma yao watu wote walisogea, isipokuwa yeye, na kila mara Nelima alimvuta kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Mara ya nne mtoto alimtazama, akajisugua bega.

"POLE," alisema Nelima, na mwuza mahindi aliyekuwa karibu akashtuka.

Makanisa yenye paa la kijani Kawangware yalikuwa matatu. La kwanza, mafundi wa meko hawakuwepo. La pili palikuwa na fundi wa meko lakini alikuwa mwanamke, akamwambia Okeyo yuko kule chini, aangalie mtu mrefu anayependa kubishana. Ilikuwa saa tisa na robo Nelima alipomwona: amekaa kwenye stuli, miguu mirefu kama ya panzi, amezungukwa na mitungi midogo ya gesi na vichwa vya meko vilivyoziba masizi.

"Okeyo?"

"Ndiye. Inavuja ama haiwaki?"

"Mimi ni Nelima. Nilikupigia asubuhi. Ile namba yako ilikuwa yangu."

Okeyo aliweka bisibisi chini polepole. Akasimama, naye alikuwa na urefu wa kufunika jua.

"Mmejua mpaka mahali nafanyia kazi?"

"Ni Kukhu alituambia."

"Mmemhangaisha yule nyanya mpaka akawaambia." Alipaza sauti. "Watu wangu, njoni muone! Wakora siku hizi wanakuja mpaka kazini. Wamechoka kupiga simu!"

Watu hawakuitwa mara mbili. Mwuza chipsi alikuja na mwiko wake mkononi. Mama mmoja wa nguo za mitumba akasema, "Huyu? Ana mtoto kabisa," na mwingine akamjibu, "Wa kukodi huyo. Siku hizi wanakodi."

"Si wa kukodi!" alisema Nelima. "Nimemzaa mimi. Okeyo, tafadhali, saa kumi ikifika nafasi yake inapewa mwingine. Angalia hiyo meseji. Imeandikwa jina lake."

"Jina hata mkora anaweza kuwa nalo. Mnanunua majina." Alikunja mikono kifuani. "Sawa. Kama wewe ni wa nyanya kweli, ng'ombe wake anaitwa nani?"

Nelima alifungua mdomo. "Kukhu hana ng'ombe."

Umati ulisema *eeh* kwa pamoja, kama darasa.

"Anaye tangu mwezi wa saba," alisema Okeyo, na safari hii hakupaza sauti. "Alimnunua kwa pesa ya mahindi. Amenihadithia Jumapili tatu mfululizo. Anaitwa Sera. Kama wewe ungekuwa mtu wake, ungejua."

Hapo mbele ya mwuza chipsi na mama wa mitumba, Nelima alisimama kama mtu aliyevuliwa kitambaa cha kichwa. Angeweza kusema kuhusu dakika anazookoa, kuhusu bando, kuhusu mawaidha kumi. Kila alichokuwa nacho kilikuwa kinamshtaki.

"Ni kweli," alisema. "Sijampigia. Nilikuwa naokoa credit. Nimekosa." Kisha akasema, "Lakini mtoto hasikii. Mjaribu."

"Kumjaribu vipi?"

"Mjaribu unavyotaka."

Musimbi alikuwa amechuchumaa kando ya meko moja iliyokuwa imewashwa kujaribiwa, akitazama moto wa bluu ukicheza. Mgongo wake ulikuwa umewageukia wote. Okeyo alimtazama, akamtazama mama yake, na usoni mwake kulikuwa na aibu ya mtu anayeombwa kufanya jambo asilolipenda. Aliokota mfuniko mkubwa wa sufuria na spana. Akasimama nyuma ya mtoto, hatua mbili. Akagonga.

Mama wa mitumba aliziba masikio. Mbwa alikimbia. Mtu kwenye ghorofa ya juu alifungua dirisha akatukana. Nelima mwenyewe, aliyejua kinachokuja, aliruka.

Musimbi alisogeza kidole karibu na moto, akakirudisha, akatabasamu peke yake.

Okeyo hakugonga tena. Aliweka mfuniko chini kwa mikono miwili, taratibu, kana kwamba sasa ndipo unaweza kumsumbua mtu. Alikaa kwenye stuli, akatoa simu mfukoni, akaiwasha. Ilichukua muda mrefu kuwaka. Mwuza chipsi akasema, "Harakisha basi, bro," naye Okeyo akasema, "We rudi kwa mafuta yako."

"Saa ni ngapi?" aliuliza Nelima.

"Kumi kasoro ishirini." Alipitisha kidole, akipita mikopo aliyoahidiwa, pikipiki alizoshinda, kanisa, mama yake. "Hii hapa. *Mzazi wa Musimbi Morris.* Nilikuwa nimeiacha, sijui kwa nini. Nyingine huwa nafuta."

Aliandika NDIO. Alibonyeza, wote wakainamia ile simu iliyojaa nyufa: fundi, mama, na mama wa mitumba ambaye hakuna aliyemwalika. Simu ikatetemeka. *Asante. Nafasi yako imethibitishwa.* Nelima alitoa kalamu kwenye begi la Musimbi akaandika zile namba sita kwenye kiganja chake, kisha kwenye daftari la mtoto, kisha akamwomba Okeyo azisome tena, akaziandika kwenye mkono wa pili.

"Code haisomewi mtu," alisema Okeyo, akijaribu kucheka.

"Hata akilia," alisema Nelima.

Okeyo alimnunulia mtoto chipsi za shilingi thelathini, akakataa katakata kurudishiwa. Kisha akajikuna kichwa. "Nyanya aliwahi kuniambia mke wa mwanawe ni mtaalamu wa bando. Yangu ya siku inaisha saa nne asubuhi. Ni nini?"

Nelima aliipokea simu. Vidole vyake vilijua njia: video zinazojifungua, picha zinazojipakua, michezo ya mpira inayojisasisha yenyewe. Alivizima vyote. Alipofika mahali ambapo siku zote alikuwa anamwambia mtu ahamie laini ya bei nafuu, alisimama.

"Kuna ya bei nafuu kuliko hii," alisema. "Lakini kwanza niambie, nani wote wana namba yako?"

Okeyo alifikiri. "Wateja. Mama. Nyanya wenu."

"Basi baki nayo."

"Na Jumapili nyanya akinipigia?"

"Mpokee," alisema Nelima. "Mimi nitampigia Jumamosi."

*

Kesho yake ukumbini Makina viti vilikuwa vya plastiki na foleni ilikuwa ndefu. Morris alikuja na nguo zake za kazi, akakaa mwishoni mwa benchi akishika barakoa yake mapajani kama kofia ya kanisani. Bridgit alikuwa mbele na mwanawe, akageuka akainua kidole gumba. Karani mlangoni aliuliza code. Nelima alifungua viganja vyote viwili.

Mtaalamu alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ndogo zaidi. Alimketisha Musimbi, akamwekea kile kidude nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, akibonyeza kitu kwenye kompyuta. Mtoto alikaa wima. Mtu alivuta kiti nyuma ya chumba, na Musimbi akageuza kichwa. Mtoto mwingine alikunja karatasi ya biskuti, akageuza tena. Aliangalia viatu vyake, akavisugua sakafuni, akasikiliza, akavisugua tena. Morris alisimama kutoka kwenye benchi, akakaa, akasimama.

Nelima hakuweza kungoja. Alipiga magoti mbele ya kiti, akashika magoti ya mwanawe, akasema kama alivyosema kila asubuhi kwa miaka mitatu, kwa sauti iliyoamsha ploti nzima ya Raila:

"MUSIMBI! UNANISIKIA? NI MAMA!"

Ukumbi wote uligeuka. Karani aliangusha kalamu. Musimbi alifumba macho, akainua mikono yake miwili midogo, akaiweka taratibu juu ya mdomo wa mama yake.

"Mama, unapiga kelele," alisema.